Bei ya shaba ilipoanguka: mwaka 1974 na kobalti yetu ya leo



Mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya Leta kusimamisha kobalti isitoke tena nje ya nchi, mdogo wangu mmoja anayemaliza masomo ya metalurjia hapa Lubumbashi alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amekasirika. Alisema: "Yaya, bakubwa yetu habakujua asema bei itaanguka? Kazi yabo njo nini sasa?"

Nilitaka kumjibu palepale, nikashindwa. Mimi nilisoma historia, sikusoma uchumi. Lakini nilipokuwa naandika TFC yangu juu ya reli ya Katanga nilikutana na mwaka 1974, na tangu ile siku huo mwaka haujaniacha. Kila nikisikia mtu anauliza "viongozi hawakujua?", narudi kule. Kwa sababu jibu ni fupi: hapana, hawakujua. Hakuna aliyejua. Ila shida haiko pale, na njo maana nimeamua kuandika haya kwa urefu kidogo. Wenye haraka wanisamehe.

Turudi basi Zaïre, mwezi wa nne 1974. Kwenye soko la London ratili moja ya shaba, yaani karibu nusu kilo, ilikuwa imefika karibu dola 1.40. Bei kama ile haikuwa imeonekana. Union Minière ilikuwa imetwaliwa na serikali tangu mwanzo wa 1967, jina limebadilika, sasa ni Gécamines, na pesa ya shaba inaingia Kinshasa moja kwa moja. Katika kila dola tatu ambazo nchi ilipata kwa kuuza bidhaa nje, karibu mbili zilitoka kwenye shaba na kobalti ya huku kwetu. Mtu akiwa na mshahara mmoja tu nyumbani, na huo mshahara umepanda mara mbili, unajua atakavyojisikia. Atatembea kifua mbele.

Na Kinshasa ilitembea kifua mbele. Tarehe 30 mwezi wa 11, 1973, Mobutu alikuwa ametangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni zikagawiwa kwa wenyeji, wengi wao watu wa karibu na mamlaka. Kule Maluku, kando ya mto, kulikuwa na kiwanda cha chuma kilichojengwa kwa ajili ya tani 250,000 kwa mwaka, na ambacho hakikukaribia kipimo kile hata siku moja. Mkataba wa laini ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, ulikuwa umeshaingiwa. Mabenki ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamejaa pesa za waarabu wa petroli na yanatafuta wa kumkopesha, na ni nani bora kuliko nchi yenye shaba kwa dola 1.40? Halafu tarehe 30 mwezi wa 10, 1974, Ali akampiga Foreman mbele ya dunia nzima, na kila mmoja akaondoka na dola milioni 5. Wazee wetu wanaikumbuka ile usiku mpaka leo. Mimi mwenyewe nikiangalia ile mechi nafurahi, siwezi kuficha.

Lakini ile usiku ya Ali, bei ya shaba ilikuwa imeshashuka kwa miezi sita. Mwanzo wa 1975 ilifika karibu senti 53.

Kutoka dola 1.40 mpaka senti 53, kwa muda usiofika mwaka mmoja. Weka mbele yako daftari la matumizi la nyumbani, kata zaidi ya nusu ya mshahara, halafu acha madeni na ahadi zote vilevile. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1975 Zaïre ikashindwa kulipa wadeni wake, na mwezi wa sita 1976 ikaenda Paris kuomba madeni yapangwe upya. Ilikuwa mara ya kwanza. Zilifuata nyingine nyingi.

Sasa kuna kitu ambacho nilipokisoma kwa mara ya kwanza kilinifanya nisimame. Kwanini shaba ilianguka? Kwa sababu mwezi wa 10, 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilileta kupanda kwa bei ya petroli. Pipa moja lililokuwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzo wa 1974. Viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani vikapunguza mwendo. Viwanda vikipunguza mwendo, magari hayatengenezwi, nyumba hazijengwi, nyaya hazinunuliwi. Shaba ni nyaya. Na ile petroli ghali ilikuwa inanunuliwa na sisi pia, kwa ajili ya malori na mashine. Yaani pigo moja lilitupiga mara mbili: tunauza rahisi, tunanunua ghali. Na hilo pigo lilianza miezi sita KABLA bei ya shaba haijafika juu kabisa. Mvua ilikuwa imeshanyesha kule juu. Sisi huku chini bado tulikuwa tunaanika nguo.

Huu mfano wa mvua si wangu. Kuna Mfaransa mmoja aliyeitwa Pierre Wack, alifanya kazi katika kampuni ya petroli ya Shell, kule London, miaka hiyohiyo. Alipenda kusema juu ya mto Ganges wa India: mvua kubwa ikinyesha kwenye milima, hauhitaji kuwa mganga ili kujua kwamba baada ya siku chache maji yatafika kwenye miji ya chini. Hicho ni kitu ambacho kimeshatokea, ila matokeo yake bado hayajafika kwako. Kazi ya mtu anayefikiri mbele, kwa Wack, ilikuwa kwanza kutenganisha: kipi kimeshanyesha, na kipi kweli hakijulikani.

Mwaka 1972, yaani kabla ya vita vile, Wack na wenzake walikuwa wamewawekea wakubwa wa Shell hadithi kadhaa za kesho. Hawakusema "mwaka 1973 petroli itapanda". Walisema: angalieni nchi zenye petroli. Baadhi yao zinapata pesa nyingi kuliko zinavyoweza kutumia. Kwanini ziendelee kuchimba kwa haraka na kuuza rahisi? Mukijiweka katika nafasi ya mfalme wa kule, mungefanya nini? Kwa hiyo dunia ambayo petroli inabaki rahisi siku zote, ile dunia ambayo mipango yenu yote imejengwa juu yake, inahitaji miujiza kadhaa itokee pamoja. Halafu swali: kama haitokei, tunafanya nini Jumatatu asubuhi?

Ninachokipenda katika hii habari ni kwamba haikuwa rahisi. Wack mwenyewe aliandika baadaye, mwaka 1985, kwamba hadithi zao za kwanza hazikusaidia kitu. Wakubwa walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakarudi ofisini kufanya yaleyale. Ilibidi atafute namna ya kugusa ile picha ya dunia ambayo kila mkubwa anaibeba kichwani bila kujua. Sisi wasomi tunadhani kwamba mtu akipewa ripoti nzuri atabadilika. Apana. Ripoti nzuri inaenda kwenye kabati.

Najua kuna mtu atasema: "Hiyo ni akili ya wazungu wenye biro kubwa London, na isitoshe walikuwa wanafikiri namna ya kubaki na petroli ya watu." Sehemu ya pili ni kweli. Sehemu ya kwanza si kweli sana, na nina mfano wa hapahapa kwetu, ingawa ni mfano unaouma.

Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi. Mwaka 1937 ulikuwa umefungwa. Mwezi wa tano 1939, mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa London, na Mwingereza mmoja mwanasayansi, Henry Tizard, akamwonya kwamba lile jiwe la Shinkolobwe linaweza kuwa janga kama likianguka mikononi mwa adui. Kwa wakati ule uranium ilikuwa ni kitu cha pembeni. Watu walikuwa wanatafuta radium ndani yake. Sengier hakuwa na hakika ya kitu chochote. Hakuna aliyekuwa ametengeneza bomu. Lakini mwaka 1940, Ubelgiji ilipokuwa imeshakaliwa na Wajerumani, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za yale mawe zipelekwe New York, zikae kwenye ghala ya Staten Island. Zikakaa karibu miaka 2. Mwezi wa 9, 1942, afisa mmoja wa jeshi la Marekani akaingia biro yake kuuliza kama Union Minière inaweza kuwapatia uranium ya Kongo. Ilikuwa imeshafika, iko ng'ambo ya mji.

Kama ni mtihani wa kufikiri mbele, Sengier anapata distinction. Gharama ya kusafirisha ilikuwa ndogo. Kama hakuna kitakachotokea, atapoteza kidogo. Kama kitu kikitokea, yuko tayari. Ndivyo mtu anavyojipanga bila kujua. Lakini mimi mtu wa historia siwezi kuishia hapo. Alijipanga kwa ajili ya nani? Wale waliobeba yale mawe kwa mikono hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Hiroshima ilichomwa na kitu ambacho sehemu yake kubwa ilitoka kwenye udongo wetu, na Likasi haikupata hata shule moja yenye jina la ile siku. Kwa hiyo tukisema "kiongozi mwenye kuona mbali", tuulize pia anamuonea nani.

Nirudi kwenye 1975, maana sijamaliza mabaya yake.

Shaba ya Katanga ilikuwa na njia kadhaa za kufika baharini. Iliyo fupi zaidi ilipita Dilolo, ikaingia Angola, ikafika bandari ya Lobito: ile reli ya Benguela iliyounganishwa na yetu mwaka 1931. Kulikuwa pia na ile waliyoiita njia ya taifa: treni mpaka Ilebo, mizigo ishuke, ipande kwenye mashua ya mto Kasai mpaka Kinshasa, ishuke tena, ipande treni nyingine mpaka Matadi. Kila unaposhusha na kupandisha unapoteza siku, na vingine vinapotea kabisa. Njia ya tatu ilielekea kusini, kupitia Rhodesia na Afrika Kusini, nchi za ubaguzi ambazo kila siku kwenye redio tulikuwa tunazilaani.

Mwezi wa 8, 1975, vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa kwenye reli alinielezea: "Tulizania ni ya mwezi moja. Banatuambia mungoje. Tukangoja mpaka nikatoka ku pension." Na katika vita vile Mobutu hakuwa mtazamaji: aliunga mkono upande mmoja, FNLA, na akatuma askari. Sisemi kwamba angenyamaza reli ingebaki wazi. Vita vingekuja tu. Ila nimetafuta katika yote niliyoyasoma mahali ambapo mtu fulani Kinshasa aliuliza, kabla ya kuingia: tukishindwa, shaba yetu itapita wapi? Sikuona.

Mwanzo wa 1976, mradi mkubwa wa Tenke-Fungurume, ulioanza vizuri miaka michache kabla, ukasimamishwa. Bei chini, reli imefungwa, wenye pesa wakaondoka. Shaba ya kwanza ya Tenke ilitoka 2009. Hesabu mwenyewe: kijana aliyekuwa na miaka 20, akingoja kazi pale mwaka 1976, alikuwa na miaka 53.

Na laini ya Inga? Ilimalizika 1982, kwa gharama iliyozidi mara kadhaa ile iliyopangwa, ikabeba sehemu ndogo ya nguvu yake, kwa sababu migodi iliyokuwa inaingojea haikukua. Inapita juu ya vijiji vilivyo gizani, kwani umeme wa aina ile haukatwi njiani kwa urahisi. Na hapa kwetu Lualaba na Lufira zilikuwa zimeshaonyesha zinachoweza: Mwadingusha, Koni, Nzilo, N'seke, vyote vilijengwa enzi za wabelgiji. Wanaojua siasa ya wakati ule wanasema laini ilikuwa na kazi nyingine: kuishikilia Katanga kwa swichi iliyoko Bas-Zaïre. Nadhani ni kweli. Ila hata kwa kazi hiyo ilichelewa: vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilifika kabla yake.

Gécamines iliendelea kutoa shaba kwa miaka; katikati ya miaka ya 80 ilikuwa bado inapita tani 450,000 kwa mwaka. Ila pesa za kutengeneza mashine zilikuwa zinakwenda kwingine. Mwezi wa 9, 1990, mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 ilibaki karibu tani 30,000 tu kwa kampani nzima. Miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile waliyoiita départs volontaires. Hapa Katanga hakuna haja ya kueleza zaidi, kila mtaa una hadithi yake.

Sasa lazima niwe mkweli kwa upande mwingine. Kosa halikuwa la Mobutu peke yake. Zambia, jirani yetu, ilianguka na shaba hiyohiyo, na Kaunda hakuwa mtu wa kujenga majumba Ulaya. Nchi nne za shaba, Chile, Peru, Zambia na sisi, zilikuwa na umoja wao, CIPEC, tangu 1967. Bei ilipoanguka walikubaliana kupunguza wanachouza nje ili bei ipande. Haikupanda. Nje ya umoja kulikuwa na wachimbaji wengine, kulikuwa na shaba ya zamani iliyoyeyushwa upya, kulikuwa na alumini iliyoingia mahali pa shaba kwenye nyaya. Kumbuka hii CIPEC, tutaihitaji.

Kati ya hizo nchi nne, moja ilijifunza, na ilichukua muda mrefu. Chile nayo ililia na shaba, miaka ya 70 na tena mwanzo wa miaka ya 80. Mwaka 1985 wakaanza kupanga mfuko wa kuweka pesa pembeni bei ikiwa juu. Mwaka 2001 wakaongeza kanuni: bajeti ya serikali isifuate bei ya leo ya shaba, ifuate bei ya muda mrefu. Nani anasema bei ya muda mrefu ni ngapi? Si waziri. Wanachukua wataalamu wa nje ya serikali, kila mmoja anaandika kivyake makadirio ya miaka 10 ijayo, wanatupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, wanatafuta wastani. Basi. Hakuna anayejidai kujua kesho. Wamekubali tu kwamba hawajui, halafu wakaandika kutojua kwao katika kanuni.

Mwaka 2006 mpaka 2008 shaba ikapanda vibaya sana, mpaka karibu dola 4 kwa ratili. Waziri wa fedha, Andrés Velasco, akakataa kuzitumia zote. Watu walimchukia. Waalimu, wafanyakazi wa serikali, kila mmoja alikuwa anauliza: pesa iko, kwanini hautupatii? Na swali lao lilikuwa la haki, tuseme ukweli. Mwisho wa 2008 krize ya dunia ikaja, shaba ikashuka chini ya dola 1.50. Chile ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 20 pembeni. Mwezi wa kwanza 2009 serikali ikatangaza kutoa karibu bilioni 4 kusaidia familia na kazi. Hapa Katanga, miezi hiyohiyo, makampani yalikuwa yanafunga milango na vijana wanarudi nyumbani na mabuti yao begani. Shaba moja, bei moja, krize moja.

Musinielewe vibaya, Chile si paradiso. Mwaka 2019 watu waliingia barabarani kwa mamilioni, walioona kwamba hizo hesabu nzuri haziwafikii. Kuweka akiba si sawa na kugawa vizuri.

Na sisi leo? Kobalti ilikuwa juu ya dola 90,000 kwa tani mwanzo wa 2018. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa karibu 30,000. Mwaka 2022 ikakaribia tena 80,000. Mwezi wa pili 2025, karibu 22,000, na njo pale Leta ilisimamisha kuuza nje kwa miezi minne, ikaongeza, na mwezi wa 10 ikaweka mgao kwa kila kampani. Bei ikapanda tena. Wengi walipiga makofi.

Mimi pia nilifurahi, lakini kwa nusu. Sisi tuna mkono wenye nguvu kuliko ile CIPEC: karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka hapa. Ila kobalti imeshatufundisha kitu. Mwaka 1978, vita vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti iliruka mara kadhaa. Wanunuzi waliogopa. Wakafanya nini? Watengenezaji wa sumaku za kobalti wakahamia kwenye sumaku za aina nyingine, na hawakurudi. Leo kuna batri za LFP, zenye chuma na fosfeti, hazina hata gramu moja ya kobalti, na zimeshachukua karibu nusu ya magari ya umeme ya dunia. Indonesia nayo inatoa kobalti pamoja na nikeli yake. Hiyo si kesho isiyojulikana. Hiyo ni mvua ambayo imeshanyesha.

Kisichojulikana ni kingine: kama reli ya Lobito, inayofufuliwa sasa, itabaki wazi kwa miaka 20, kama vita vya mashariki vitakula bajeti yote, kama shaba yetu, iliyopita tani milioni 3 mwaka 2024, itapata bei ya dola ngapi siku vijana wa mwaka wa kwanza wa leo watakapovaa toga. Kwa hayo hakuna nabii. Lakini sheria ya madini ya 2018 iliweka kitu kimoja ambacho sisi wasomi hatukizungumzi vya kutosha: asilimia 10 ya mrahaba wa madini iende kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Kwenye karatasi ni wazo la kuheshimiwa. Kwangu mimi mtihani wa kiongozi uko pale, siku bei iko juu na watu wanapiga makofi, kama ataugusa ule mfuko au hataugusa.

Na tusicheke wakubwa peke yao. Niliwahi kuwa mtunza pesa wa kamati moja ya wanafunzi. Tulipanga sherehe kubwa, ukumbi, muziki, chakula, yote juu ya ahadi ya mtu mmoja aliyesema "apana hangaika, nitatuma". Hakuna aliyeuliza: asipotuma? Mimi mwenye kalamu sikuuliza, niliona aibu kuonekana mwenye imani ndogo. Wageni 120 walikula biskuti. Nikisoma sasa juu ya wale mawaziri wa 1974 wamezunguka meza, shaba iko 1.40 na mkubwa anatabasamu, naelewa kabisa kwanini wote walinyamaza.

Yule mdogo wangu nilimjibu baada ya wiki. Sikumpa hotuba hii. Nilimuomba kitu kimoja: aende kwenye bajeti ya nchi ya mwaka huu, aitafute bei ya shaba na ya kobalti waliyoitumia kuhesabu mapato, halafu aulize ni nani aliyeichagua, na kitakatwa nini kwanza kama bei ikishuka kwa nusu. Bei ameipata, baada ya kuzunguka sana. Yale maswali mengine mawili bado anayatafutia mtu wa kumjibu.